Anahamia Nampula kwa kazi ya korosho, Kireno hana: aanzie wapi?

Kijana wa Lukuledi

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Mdogo wangu wa kiume amepata mkataba wa mwaka mmoja kwenye kiwanda cha kubangua korosho, Nampula, Msumbiji. Anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo zimebaki wiki 10. Kazi anaijua, yeye ni mtu wa kupanga madaraja ya korosho. Kiswahili anacho, Kimakua cha Masasi anacho, Kiingereza ni cha kidato cha nne. Kireno hana hata salamu.

Nauliza kwa wanaojua: ndani ya wiki hizo ajifunze nini kwanza na aache nini? Kiswahili kitamfikisha wapi? Na watu wa kule wanampokeaje Mtanzania, kipi kwetu ni adabu na kwao ni kukosea? Naomba tusiishie kwenye "atazoea akifika", maana mwezi wa kwanza ndio wa kusaini makaratasi.

Mwl. Chikongola

Ndugu yangu, wengi huanza na orodha ya vitu: kijiko, nyumba, mti, ng'ombe. Hayo atayapata mwenyewe sokoni kwa kunyoosha kidole. Yanayomgharimu mgeni kule ni hesabu: nambari, siku na saa. Wiki 3 za kwanza azimalizie hapo.

Nambari kwanza. Asikariri moja mpaka mia kwa wimbo, kwa sababu mtu akiijua kwa wimbo hawezi kuidaka ikiwa peke yake. Ashike zile zinazofanana masikioni: dois (2) na doze (12), três (3) na treze (13), sessenta (60) na setenta (70), quarenta (40) na quatrocentos (400). Namna ya kufanya: mtu amsomee nambari 20 bila mpangilio, yeye aandike kwa tarakimu bila kurudiwa. Kila siku, dakika 15. Akifikia kukosea 1 tu kati ya 20 kwa siku 3 mfululizo, apande kwenye mamia na maelfu.

Siku za juma ndipo penye mtego ambao watu hawaambiwi. Kireno kinahesabu siku kuanzia Jumapili, sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi. Kwa hiyo segunda-feira, "ya pili", ni Jumatatu. Terça-feira, "ya tatu", ni Jumanne. Quarta, "ya nne", ni Jumatano. Mswahili akisikia "ya tatu" kichwa kinamkimbilia Jumatatu, anakwenda ofisini siku moja kabla, anakuta hayumo kwenye orodha. Kanuni ni kuongeza moja: tatu ya kwao ni nne ya kwetu. Quinta, "ya tano", ni Alhamisi, na hiyo inalingana yenyewe kwa sababu khamsa ya Kiarabu nayo ni tano. Sexta ni Ijumaa. Sábado na domingo hazina taabu.

Saa zina mitego miwili kwa pamoja. Wa kwanza ameuzoea kwenye Kiingereza: sete horas ni saa moja, anatoa sita. Wa pili ni kwamba Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Ikiwa saa moja asubuhi Nampula, Mtwara ni saa mbili. Simu itajirekebisha yenyewe ikishika mtandao wa kule, lakini saa ya mkononi haijirekebishi. Mama akisema "nipigie saa mbili usiku", waelewane mapema ni ya wapi. Na kwa kuwa Nampula haiko mbali na sisi kwa mashariki, ila saa yao iko nyuma, jua linawahi: Desemba linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, Juni giza linaingia baada ya saa kumi na moja jioni. Ofisi za serikali hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu. Anayetoka nyumbani saa nne amekwishapoteza siku.

Kwa matendo, asihangaike na majedwali marefu ya vitenzi. Manne yanatosha kwa kuanzia: ser, estar, ter (kuwa na), ir (kwenda). Ser na estar zinawatesa watu wa lugha nyingine, lakini Mswahili anazo tayari: pale anaposema "ni" atumie ser, pale anaposema "niko" atumie estar. Sou tanzaniano, mimi ni Mtanzania. Estou em Nampula, niko Nampula. Na kwa mambo yajayo, vou pamoja na kitenzi kizima: vou trabalhar, nitafanya kazi. Hiyo inampitisha miezi 3 bila aibu.

Dada wa Ligula

Nyongeza kwa mwalimu, upande wa adabu.

Shikamoo haina neno lake kwenye Kireno, kwa hiyo heshima inabidi ipitie kwingine. Mtu mzima asiyemjua anamwita mamã au papá, mwenye umri wa mama mdogo au mjomba anamwita tia au tio, rika lake mano au mana. Hapo mtu wa kwetu hapati tabu. Ofisini ni senhor na senhora, na mwenye digrii huitwa doutor hata kama hajawahi kushika sindano. Asije akadhani ameingia hospitali.

Kosa linalowaudhi ni kumwambia mkubwa "unataka" moja kwa moja, yaani kwa "tu" ya Kireno, ambayo ni "wewe". Kwa mkubwa anasema kana kwamba anamzungumzia mtu wa tatu: "O senhor quer...?", bwana anataka...? Kitenzi kinakaa pale ambapo sisi tungeweka "a-". Akikosa kingine chochote, hilo alishike.

Kuomba nako. Sisi "naomba" inalainisha kila kitu. Kireno "quero" ni "nataka", na kaunta ikisikia quero inasikia amri. Aseme "queria", nilikuwa nataka, halafu "por favor" mwishoni. Queria uma informação, por favor. Silabi moja tu inabadilisha uso wa karani.

Salamu kwao ni fupi lakini haziachwi. Akiingia mahali penye watu, hata foleni ya benki, aseme Bom dia kwa wote kabla ya kuuliza lolote. Baada ya adhuhuri ni Boa tarde, giza likiingia Boa noite. Asianze na habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Dirishani anaonekana anachelewesha watu. Mlangoni kwa mtu ni "Dá licença", ndiyo hodi yao. Shukrani: mwanamume anasema obrigado, mwanamke obrigada, kulingana na jinsia ya anayeshukuru na si ya anayeshukuriwa.

Kuna moja ambalo naliona ni hatari kuliko yote: kujibu swali lenye "hapana" ndani. Kwetu mtu akiuliza "Huna pasipoti?" nawe huna, unasema "Ndiyo, sina." Kireno ukijibu "Sim" kwa "Não tem passaporte?" unamwacha askari hajui kama unayo au huna. Ajizoeze kujibu kwa kitenzi chenyewe: Tenho, ninayo. Não tenho, sina. Wenyewe hujibu hivyo hivyo, kwa hiyo hasikiki mgeni.

Na asiseme "sim, sim" kwa jambo asilolielewa. Sentensi ya kuanza nayo kabla ya zote ni "Não percebi. Fale devagar, por favor": sikuelewa, sema polepole. Haimpunguzii mtu heshima. Kinachompunguzia ni kuitikia agizo halafu likaonekana halijafanyika.

Mnazi Mmoja Lindi

Kuhusu Kiswahili. Kaskazini mwa Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana na sisi, kinasikika, na wazee wa uwanda wa Mueda wengi wanakijua kwa sababu wakati wa vita vya ukombozi, 1964 mpaka 1974, watu wengi wa huko waliishi upande wetu, na kambi ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa Nachingwea hapa Lindi. Pwani kuna Kimwani, ambacho Mswahili akitulia anakifuata. Ukishuka Nampula mjini Kiswahili kinakwisha. Kipo kwa wafanyabiashara wachache tu.

Lakini kuna upande mwingine. Tangu mashambulizi ya waasi yalipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na zaidi baada ya shambulio la Palma Machi 2021, Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani Cabo Delgado kinaleta maswali, kwa kuwa baadhi ya wanaopigana wanakizungumza. Kwa hiyo njiani asipige simu kwa sauti ya juu kwa Kiswahili karibu na kizuizi, pasipoti halisi iwe mfukoni na si chini ya mabegi, na maswali haya ajue majibu yake kwa Kireno bila kubabaika: Para onde vai? (unakwenda wapi), Onde vive? (unaishi wapi), O que faz? (unafanya kazi gani). Barua ya mwajiri kwa Kireno iwe pamoja na pasipoti.

Njia ya kupitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lile la mita 720 lililofunguliwa 2010, inampeleka Negomano, Mueda, kisha Montepuez kuelekea kusini. Kabla ya kukata tiketi waulizeni madereva wa wiki hiyo hiyo. Habari ya mwezi uliopita haitoshi.

Na akisikia "Pemba", ajue ni mji mkuu wa Cabo Delgado, si kisiwa chetu. Mizigo imeshawahi kuzungushwa kwa jina hilo.

Kijana wa Lukuledi

Asanteni sana, hii ya siku za juma nimemsomea amebaki mdomo wazi. Maswali mawili: Kimakua chake kina kazi? Na ameshaanza kuangalia video za Kibrazili mtandaoni, aendelee?

Mwl. Chikongola

Kimakua ni mtaji mkubwa, ila akijue mipaka yake. Cha Masasi kiko karibu zaidi na kile cha Montepuez, Emeetto. Cha Nampula mjini kina tofauti za matamshi na maneno, wataelewana lakini mwanzoni watachekana. Asiogope. Asalimie kwa Kimakua, ashukuru kwa "koxukhuru" (x isome kama sh, na humo ndani unaisikia shukuru yetu), sokoni na kwa majirani milango itafunguka. Lakini ofisini na kwa msimamizi aanze kwa Kireno hata kama ni kibovu. Kireno ndicho lugha ya shule na ya makaratasi, na mtu wa ofisini akiongeleshwa lugha ya nyumbani na mgeni asiyemjua anaweza kuona amechukuliwa kama hajasoma. Mwenyewe akihamia Kimakua, amfuate.

Kimakua kinamsaidia pia masikio. Hakina b, d, g kama zetu, kwa hiyo baadhi ya watu wa Nampula wakizungumza Kireno herufi hizo zinakuwa ngumu: bom dia inakaribia "pom tia". Mtu aliyejifunza kwenye video peke yake atadhani ni neno jipya. Mmakua wa Masasi ataling'amua siku ya pili.

Video za Brazili: kwa sarufi hazina ubaya, kwa msamiati na matamshi zitampoteza. Msumbiji wanafuata zaidi Kireno cha Ureno pamoja na maneno yao wenyewe. Treni ni comboio, Brazili wanasema trem. Choo ni casa de banho, Brazili banheiro. Friji kule ni geleira. Kifungua kinywa ni mata-bicho, daladala ni chapa, shamba ni machamba, ugali ni xima, kitenge ni capulana. "Ninafanya kazi" ni estou a trabalhar, Brazili estou trabalhando. Programu nyingi za simu nazo zinafundisha cha Brazili, aangalie bendera kabla ya kuanza.

Badala yake asikilize redio. DW ya Ujerumani ina matangazo ya Kiswahili na pia ya Kireno kwa Afrika, na RFI ya Ufaransa vivyo hivyo. Asikilize kwanza habari za Kiswahili, ajue kuna nini siku hiyo, kisha afungue za Kireno: akili tayari inajua kinachosemwa, sikio linabaki na kazi ya kukata maneno. Dakika 20 kila siku. Wiki ya sita ahamie Rádio Moçambique, ndiyo lafudhi atakayoishi nayo.

Matamshi ya kuandika ukutani: ch na mara nyingi x ni sh, nh ni ny, lh ni ly, ç ni s. Sauti ya puani, ão, asiipuuze. Pão ni mkate. Akiitoa bila pua inakuwa pau, fimbo, na lina maana nyingine ya matusi. Afanye mazoezi kabla hajaenda kununua mkate.

Awe mwangalifu pia na maneno tuliyoyarithi. Meza, bendera, limau, nanasi, foronya yanamsaidia. Lakini igreja, lililotupa "gereza", kwao ni kanisa. Pera kwao si pera letu. Pera letu ni goiaba. Copo ni glasi, si kopo la bati. Puxe mlangoni husomeka kama Kiingereza cha kusukuma, ilhali maana yake ni vuta.

Karani Mpakani

Makaratasi, kwa kuwa ndiyo aliyoyataja mwanzo.

Mtanzania haombi viza kwa matembezi, na hapo ndipo watu wanajidanganya. Kuingia kama mgeni si ruhusa ya kufanya kazi. Kibali cha kazi kinashughulikiwa na mwajiri, na aulize kimefikia wapi kabla hajapanda basi. Akishapata, anafuatilia DIRE, kitambulisho cha ukaazi cha mgeni, kwenye idara ya uhamiaji, na NUIT, namba ya mlipakodi. Vyeti vyake vya Kiswahili au Kiingereza vinahitaji tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa, tradutor ajuramentado. Kadi ya homa ya manjano aibebe.

Fomu: apelido ni jina la ukoo, nome ni majina mengine. Sisi tuna jina, la baba, la babu, na kila ofisi huchagua lake. Afuate pasipoti neno kwa neno, kila mahali, hata kama mtu anamwambia haina shida. Karatasi mbili zikitofautiana apelido, ya tatu haitoki. Naturalidade ni mahali ulipozaliwa, nacionalidade ni uraia, wengi huzichanganya. Filiação ni majina ya baba na mama. Estado civil, aandike solteiro kama hajaoa. Morada ni anapoishi, validade ni mwisho wa matumizi, assinatura ni saini.

Akipata nyumba, ajitambulishe mtaani. Wana chefe de dez casas, ambaye ni kama balozi wetu wa nyumba kumi, na juu yake secretário do bairro, ambaye ndiye anayeanzia barua ya ukaazi. Aende na kijana wa jirani, asalimie, aseme anafanya kazi wapi. Mgeni aliyejitambulisha mwenyewe anatazamwa tofauti na aliyesikika kwa uvumi, hasa siku hizi.

Mkataba: kabla ya kusaini aseme "Posso levar para ler antes de assinar?", naweza kuchukua nikasome kwanza? Ni ombi la kawaida. Akautazame kwenye maneno haya: prazo (muda), período probatório (kipindi cha majaribio), salário bruto na líquido (kabla na baada ya makato), horas extraordinárias (muda wa ziada), alojamento (malazi). Makato ya hifadhi ya jamii, INSS, ni 3% kwa mfanyakazi na 4% kwa mwajiri. Akikuta amekatwa 7 nzima, aulize.

Daraja la Kwanza

Mimi naongezea ya ndani ya kiwanda, maana hapo ndipo kazi inapoharibika.

Castanha ni korosho ghafi. Amêndoa ni kiini kilichobanguliwa. Caju ni bibo, tunda lenyewe la mkorosho. Akiambiwa alete castanha akaleta zilizobanguliwa, ameharibu mtiririko wa kazi. Nzima ni inteiras, nusu ni metades, vipande ni pedaços. Madaraja yenyewe, yaani alama za ukubwa wa korosho nzima, hayabadiliki: W240, W320, kwa hiyo macho yake yanajua kazi tayari, anakosa tu mdomo. Ganda ni casca, ngozi ya ndani ni película, boila ni caldeira, tanuri la kukaushia ni estufa, unyevu ni humidade, glovu ni luvas. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi kule kama huku, akisikia "Cuidado!" asimame kwanza, aulize baadaye.

Zamu ni turno. Falta ni kutokuja kazini, na falta isiyo na ruhusa inaandikwa na kukatwa. Ruhusa aiombe kabla: "Queria pedir dispensa", naomba ruhusa. Akiwa mgonjwa: "Estou doente", halafu karatasi ya hospitali ipelekwe.

Peso ni uzito. Si pesa. Pesa ni dinheiro.

Sasa hili alishike kwa mikono miwili. Kwao nukta inatenga maelfu na mkato unatenga desimali, kinyume cha tulivyofundishwa. 1.500,00 kwenye karatasi ya mshahara ni elfu moja na mia tano. 2,500 kg kwenye mizani ni kilo mbili na nusu, si elfu mbili na mia tano. Katoni ya korosho ya kusafirisha ya ratili 50 anayoijua kama 22.68 ataiona imeandikwa 22,68. Akijaza daftari la zamu kwa mtindo wetu, jumla ya siku nzima haitalingana na ya ghala, na wa kwanza kuulizwa ni mgeni. Amwombe msimamizi karatasi moja iliyokwisha kujazwa, akae nayo jioni moja, aone nukta ziko wapi na mikato iko wapi, kabla hajaandika namba yake ya kwanza.